Pacha wa Seneta Jeppesen

Reldon Jeppesen alijulikana kwa neno moja, nalo ni hapana. Kwa miaka ishirini na ushee aliyokaa kwenye Seneti ya jimbo la Idaho, katibu akilifikia jina lake, yeye alisema hapana bila hata kuinua macho, kisha akaendelea kusoma mswada unaofuata. Hapana kwa kodi mpya ya petroli. Hapana kwa sheria ya kuwatoza faini watu wazima wasiofunga mikanda ya gari, ingawa yeye mwenyewe alijifunga mkanda hata akienda kufungulia maji shambani. Hapana, tena ya sauti kubwa, kwa nyongeza ya mishahara ya maseneta, jambo lililowaudhi wenzake wa chama chake mwenyewe kuliko wapinzani. Waandishi wa habari wa Boise wakambandika jina la Seneta Hapana. Mkewe Norene alilipenda jina hilo mpaka akalidarizi kwenye mto wa kochi.

Wako wanaomcheka mhafidhina wakidhani ni mtu anayeogopa kesho. Basi hao hawajawahi kulima viazi. Mkulima wa viazi huzika mali yake yote ardhini kila mwaka, akaketi kungoja, na Reldon alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake huko Harker, mashariki ya jimbo, ambako upepo hauna adabu na watu wote wanajuana kwa magari yao. Alichokiogopa ni kitu kingine. Alimwogopa mtu mwenye cheo anayesema "kwa faida ya wote" huku jicho lake liko kwenye shamba la mtu mmoja. Serikali kwake ilikuwa kama fahali: huwezi kufuga bila yeye, lakini ole wako umwache bila pete puani.

Na usidhani ni mtu mkavu. Mwaka mmoja alifuatwa na mama wa Kikongo kutoka Twin Falls, Mama Bahati, aliyepigwa faini kwa kusuka nywele nyumbani kwake bila cheti cha chuo cha urembo, chuo ambacho hata hakikufundisha kusuka. Reldon, mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya, hakujua lolote kuhusu nywele. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, siwezi kutetea kitu nisichokijua. Msuke mke wangu nione." Jumapili ile Norene aliingia kanisani Harker na mistari ya Kikongo kichwani, bibi wa Kimormoni mwenye mvi na wajukuu kumi na moja, na kwaya nzima ikakosea mstari wa kwanza wa wimbo. Sheria ya vyeti vya ususi ilifutwa mwaka huohuo. Ilikuwa moja ya ndiyo zake chache, na aliisema kwa furaha ya waziwazi.

Lakini ndiyo aliyoitaka kuliko zote ilikuwa bado haijamtoka kinywani.

Alipokuwa mtoto, kampuni moja ya umeme ilitaka kupitisha nguzo katikati ya shamba la baba yake. Baba alikataa. Kampuni ikaenda mahakamani na sheria ya jimbo mkononi, ile inayoiruhusu kampuni ya watu binafsi kuchukua ardhi ya mtu kana kwamba yenyewe ndiyo serikali, na nguzo zikasimamishwa. Halafu kampuni ikafilisika. Nguzo zile hazikuwahi kupitisha umeme hata wa kuwasha taa ya choo. Zilibaki pale, na baba yake alizizunguka kwa trekta kila msimu mpaka alipokufa, na kila alipoizunguka moja alitoa kofia na kuisalimia, "Habari ya asubuhi, bwana mkubwa." Watoto walicheka. Reldon alipokua ndipo alipoelewa kwamba baba yake hakuwa akifanya mzaha.

Ndiyo maana aligombea. Na kila mwaka alipeleka mswada uleule, wa kurasa mbili tu: kampuni binafsi ikitaka kupita kwenye ardhi ya mtu, ikae na mwenye ardhi wakubaliane, na wasipokubaliana, izunguke. Kila mwaka mswada uliuawa kwenye kamati, kimyakimya. Reldon aliuzika, akarudi Harker kupanda viazi, Januari akaufufua.

Mwaka wa mwisho mambo yakageuka. Kampuni nyingine, kubwa zaidi, ilikuwa imeanza kupima njia ya nyaya kuanzia mpakani hadi Boise, na wapimaji wake walikuwa wamepanda vibendera vyekundu kwenye mashamba ya Harker bila kubisha hodi. Wakulima wakaja juu. Simu zikawamiminikia maseneta. Kamati ikaogopa, ikauachia mswada utoke, nao ukapangwa kupigiwa kura siku ya mwisho ya kikao. Reldon alikuwa amekwisha kumwambia Norene kwamba magoti yake hayana tena nguvu ya zile ngazi za marumaru, kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho. Ama apate sasa, ama asipate kabisa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Anton Elorza, seneta wa Demokrati kutoka Boise, Mbaski, wa jamii iliyohamia kutoka Hispania, mjukuu wa mchunga kondoo, aliyefanya kazi ya ufundi wa kupanda juu ya nguzo za umeme maisha yake yote kabla ya kuingia siasa. Elorza aliuchukia mswada ule kwa moyo safi. Alisema mkulima mmoja mkaidi ataliweka bonde zima gizani, na mafundi wenzake wa chama cha wafanyakazi watakosa kazi. Reldon aliipa hoja hiyo heshima yake. Alisema Elorza ndiye mtu pekee aliyempinga bila kula chakula cha mchana cha kampuni.

Na walikuwa watani, watani kwelikweli. Kanisa la Reldon halinywi kahawa, na Elorza alikuwa hawezi kusema hata salamu kabla ya kikombe cha pili.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya kura, Elorza alimkuta Reldon kwenye kantini ya chini ya jengo, na chokoleti yake ya moto mbele yake.

"Mzee wa viazi," Elorza alisema akivuta kiti, "bado unanyonya?"

"Bora ninyonye maziwa kuliko kunywa lami, mchunga kondoo we. Kaa."

Elorza alikaa, lakini kahawa yake hakuigusa. Reldon akajua kuna jambo.

"Miren?" aliuliza, akimtaja mke wa Elorza.

"Moyo. Wanampasua huko Salt Lake. Madaktari wamepanga ni Ijumaa."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kikao. Reldon alikisogeza kando kikombe chake. Alimfahamu Miren, ambaye kila Krismasi alimletea Norene soseji za Kibaski, na Norene alimrudishia gunia la viazi.

"Nenda," alisema.

"Nitakwenda, hilo halina mjadala. Lakini Reldon, miaka yote hii nimeupinga huo mswada wako, na siku yenyewe imefika mimi sipo. Vijana wangu watasema nimekimbia." Akakuna kidevu. "Nakuomba pacha."

Hiyo ni desturi ya Seneti ya Idaho tangu enzi za babu zao. Seneta mwenye dharura humwomba mwenzake wa upande wa pili wafunge pacha: yule anayebaki huketi kitini lakini hapigi kura, ili kutokuwepo kwa mwenzake kusimfaidishe mtu. Huyu angesema ndiyo, yule angesema hapana, zote mbili zinawekwa kando. Hakuna karatasi. Mnashikana mikono, basi.

Reldon alipiga hesabu kichwani. Akikaa kando, mswada wake bado ulikuwa mbele kwa kura moja. Kura moja ni nyembamba, lakini ni kura. Angeweza kusema ngoja nifikirie. Angeweza kumtuma akamwombe seneta mwingine. Badala yake alinyoosha mkono juu ya meza.

"Pacha," alisema.

Elorza aliushika kwa mikono yake miwili. "Mswada wako bado ni wa kipumbavu."

"Na kahawa yako imepoa. Nenda kwa mkeo."

Ijumaa kukapambazuka na theluji. Boise ilinyunyiziwa tu, lakini kule kaskazini, kwenye barabara moja tu inayoliunganisha jimbo, mlima uliangusha theluji na mawe, na seneta mmoja wa upande wa Reldon, aliyekuwa amekwenda kumzika shangazi yake, alikwama huko na gari lake na msururu wa malori. Hakuna ndege iliyoruka. Habari hiyo aliileta Braden Whitlock, kiongozi wa walio wengi, kijana mwenye suti ya kubana na akili nyepesi, aliyempenda Reldon kama mtu anavyompenda babu yake mbishi.

Walisimama nyuma ya nguzo ya marumaru, mlangoni pa ukumbi.

"Tumebaki sawa kwa sawa," Braden alisema. "Kumi na sita kwa kumi na sita. Na zikilingana, anayeamua ni naibu gavana pale kwenye kiti, na yule unajua anakula wapi. Seneta, lazima upige kura."

"Nina pacha."

"Na Mdemokrati!"

"Na Anton Elorza. Ahirisha mpaka kesho."

"Kesho ipi? Baraza la chini wameshafunga mabegi. Jioni hii kikao kinavunjwa." Braden alishusha sauti. "Mzee wangu, sikiliza. Pacha ni desturi tu. Haimo kwenye katiba, haimo kwenye sheria yoyote."

"Hata salamu haimo kwenye katiba," Reldon alisema, "lakini asubuhi umenisalimia."

Braden aliangalia juu kwenye roshani ya wageni. Wakulima wa Harker walikuwa wamejaa huko, wameendesha usiku kucha na mabuti yao yenye matope, na mmoja alikuwa ameshika rundo la vibendera vyekundu alivyoving'oa shambani kwake. Norene alikuwa katikati yao. Reldon aliwaona wote. Watu wale walimpigia kura mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya siku hii moja.

"Basi tumpigie simu," Braden alisema, tayari simu iko mkononi. "Dakika moja tu. Atakufungua mwenyewe. Elorza ni mtu mwema, hawezi kukataa."

"Najua hawezi kukataa. Ndiyo maana hutampigia."

"Seneta..."

"Braden. Mtu yuko hospitali na mke wake anayekwenda kupasuliwa moyo. Umwite nje, umwambie nini? Kwamba Reldon amegundua ahadi yake ni ghali? Ataacha mkono wa mkewe aje kuhangaika na siasa zetu. Irudishe hiyo simu mfukoni."

Braden akairudisha. Macho yake yalikuwa mekundu, ingawa baadaye alidai ni mafua.

Mswada ukasomwa. Reldon alisimama kuutetea, akaongea kwa ufupi kama kawaida yake, akasimulia habari za baba yake kuvua kofia mbele ya nguzo. Kisha katibu akaanza kuita majina. Kwenye Seneti ya Idaho hakuna mambo ya kubonyeza vitufe. Unaitwa kwa jina, unajibu kwa mdomo wako, na kila mtu anakusikia.

"Elorza."

"Hayupo," katibu alisema, akaandika.

Majina yakashuka. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo.

"Jeppesen."

Reldon alisimama. Magoti yakalia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini humo aliinua macho alipoitwa kupiga kura, akayapeleka moja kwa moja mpaka roshani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina pacha na Seneta Elorza. Angekuwepo, angesema hapana." Akamgeukia katibu. "Nami ningekuwa na ruhusa ya kupiga kura, ningesema ndiyo."

Akaketi. Kumi na sita kwa kumi na sita. Naibu gavana akasafisha koo, akapiga kura ya kuamua, na kazi ya maisha mazima ya mtu ikafa kabla ya chakula cha mchana.

Juu kwenye roshani yule mkulima alivitupa vibendera chini, vikatawanyika sakafuni. Hakumlenga mtu. Lakini Reldon aliinama akaviokota kimoja kimoja, akavipanga mezani pake, na humo ukumbini hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Njiani kurudi, Norene ndiye aliyeendesha. Walipita mji mzima, wakapita na jangwa la magugu. Ndipo aliposema:

"Ungeweza kumpigia."

"Ningeweza."

"Angekufungua."

"Papo hapo."

Norene aliwasha taa za gari. "Nimekasirika, Reldon. Ujue hivyo. Nimekasirika sana, na nikikutazama nashindwa kukukasirikia, na hilo nalo linanikasirisha."

Harker hawakuwa wapole kama Norene. Watu waliomwita Ndugu Jeppesen tangu utoto sasa walimpita mlangoni pa kanisa wakihesabu vifungo vya makoti yao. "Ametuuza kwa wanywa kahawa," alisema mmoja dukani, kwa sauti ya makusudi. Reldon alilipia misumari yake, akamtakia siku njema. Muungwana ni vitendo, lakini vitendo vyenyewe wakati mwingine humwacha muungwana peke yake kwenye benchi refu la kanisa, yeye na mkewe.

Miren Elorza alifariki Jumapili iliyofuata. Reldon na Norene waliendesha hadi Boise kwa maziko, wakasimama nyuma kabisa, wakaondoka bila kujionyesha sana.

Elorza alikuja Harker mwenyewe, wakati wa mavuno, ule msimu ambao hata shule hufungwa ili watoto wakachague viazi. Alimkuta Reldon juu ya mashine, amejaa vumbi hadi kope. Aliizima mashine mwenyewe kwa mkono wake, fundi asiyesubiri ruhusa.

"Kwa nini hukunipigia?" alifoka.

Reldon alishuka polepole. "Habari za safari, mchunga kondoo."

"Usinizungushe! Braden ameniambia yote. Nimekaa miezi na msiba wangu, naambiwa tu mswada ulishindwa, nafurahi peke yangu kama mjinga, kumbe ulishindwa kwa ajili yangu! Kwa nini hukunipigia?"

"Ulikuwa wapi saa ile?"

Elorza alivua kofia yake akaigeuzageuza. Alipoongea tena hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Walikuwa wamechelewa kumchukua," alisema. "Chumba kilikuwa hakijawa tayari. Tukapewa saa nzima ya bure, mimi na yeye. Akaanza kunicheka vile nilivyomposa, kwamba nilikuwa nimepanda nguzo ya umeme mbele ya nyumba yao, nikaanguka. Tulicheka, Reldon. Nesi akaja kutunyamazisha. Baada ya hapo wakamchukua, na hakuamka tena vizuri." Akajifuta uso kwa kofia. "Simu ilikuwa mfukoni, wazi. Ingelia ningetoka nje kuipokea, na ningekaa huko nje nabishana na Braden mpaka saa iishe. Haikulia."

Reldon alimshika bega, akalishika sana.

"Kwa hiyo sasa nifanye nini?" Elorza aliuliza. "Mwaka ujao Braden anaurudisha mswada wako. Nimeusoma tena. Mara mbili. Bado naona ni mbaya."

"Basi upinge."

"Nawezaje?"

"Kwa kusema hapana. Nitakufundisha, mimi ni bingwa." Reldon alicheka kidogo, kisha akaacha. "Anton, nikisikia umesema ndiyo kwa sababu yangu, nitakuona mnafiki, na sitaki kukuona mnafiki uzeeni. Sikufunga pacha ili uwe na deni."

"Ahadi ni deni," Elorza alisema, "hiyo uliilipa wewe. Langu ni jingine."

Alikula chakula cha mchana kwa Norene, viazi na nyama ya kuoka, akaondoka na gunia kwenye gari lake, lile gunia la Miren la kila mwaka.

Machi ikafika. Reldon alikuwa amekwisha kujiuzulu, na kiti chake alikikalia mkulima mwingine wa Harker. Asubuhi ya kura alikuwa kwenye banda lake akitengeneza mashine ya kupandia, na Norene amekuja na simu, ameiegemeza kwenye kopo la grisi ili wasikilize kikao. Vibendera vyekundu vilikuwa vimerudi mashambani, vipya, vingi kuliko mwanzo. Kampuni ilikuwa imepata kibali cha kwanza.

Seneta mmoja wa upande wa Braden alikuwa kitandani na homa. Hesabu kila mtu aliijua: Elorza akisema hapana, kura zinalingana, na kwenye kiti amekaa naibu gavana yuleyule. Roshani safari hii ilijaa pande zote mbili, wakulima huku, na huku mafundi vijana wa umeme wenye jaketi za chama chao, waliokuja kumwona mzee wao akiua mswada kwa mara ya mwisho. Uchaguzi ulikuwa karibu, na bila watu hao Elorza hakuwa na kiti.

"Atasema ndiyo," Norene alinong'ona.

"Hawezi. Na asiseme." Lakini Reldon alikuwa ameshika spana ileile muda mrefu bila kugusa nati yoyote.

"Elorza," katibu aliita.

Kiti kilisikika kikisogezwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," sauti ya Elorza ilitoka kwenye simu ndogo, kavu, ya mtu aliyekwisha kunywa kikombe cha pili, "nina pacha na Seneta Jeppesen. Angekuwepo, angesema ndiyo. Nami ningekuwa na ruhusa ya kupiga kura, ningesema hapana."

Kelele zikalipuka roshani. Nyundo ikagongwa, ikagongwa tena.

"Seneta," naibu gavana alisema, "Bwana Jeppesen si mjumbe wa baraza hili. Huwezi kufunga pacha na mtu asiyekuwemo. Kanuni hairuhusu. Piga kura yako."

"Najua kanuni hairuhusu. Mwaka jana mtu huyo alikuwa na kiti humu na alikikalia kimya kwa ajili yangu. Dawa ya deni kulipa." Ikasikika karatasi ikikunjwa. "Kama pacha haikubaliki, basi mniandike Elorza hayupo."

Zikasikika hatua kwenye sakafu ya marumaru, nzito, zisizo na haraka. Mtu juu akazomea, "Msaliti!" Hatua hazikusita. Mlango mkubwa ukafunguka, ukajifunga.

"Hayupo," katibu alisema.

Majina yakaendelea. Norene alikuwa amemshika mumewe mkono, mkono wenye grisi, hajali. Lilipotajwa jina la mwisho Braden alipiga ukelele usiofaa ukumbini, na nyundo ikamgongea, na mswada wa kurasa mbili ukapita kwa kura moja.

Reldon aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alilia bila kujificha, mzee mwenye upara na spana mapajani. Alipotulia alivua kofia, akaangalia nje kupitia mlango wa banda, kule zilikosimama nguzo kuukuu za baba yake.

Simu ililia kwenye kopo la grisi. Norene aliipokea, akasikiliza, akamnyooshea.

"Mzee wa viazi," Elorza alisema. Nyuma yake zilisikika sahani na vijiko vya kantini. "Niko huku chini. Nimeagiza hiki kinywaji chako cha chokoleti. Ni kibaya kweli. Umewezaje kukinywa miaka yote hii?"

Reldon alitaka kujibu utani kwa utani. Akaishia kupenga kamasi.

"Vijana wangu hawataki kuniona," Elorza aliendelea, taratibu. "Novemba nitashindwa. Si kitu. Uko hapo?"

"Nipo," Reldon alisema. "Nipo, Anton."

Wakakaa hivyo, mmoja Boise, mmoja Harker, hakuna anayesema, hakuna anayekata. Mwishowe mjukuu aliyekuwa akipita mlangoni na ndoo ya mbegu aliuliza babu anaongea na nani mbona hasemi kitu.

"Anaongea na pacha wake," Norene alimjibu. "Usimsumbue."